Mgodi wa makaa ya mawe: kabla ya makaa, tazama jiwe lililo juu yake

Ukisimama ufukweni Kigoma siku ambayo anga imetakata, unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ukiufuata ufuko ule wa pili kuelekea kusini utafika Kalemie, mji ambao mabaharia na wachuuzi wa Kigoma wanaujua vizuri. Karibu na Kalemie, katika bonde la mto Lukuga unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba, kuna makaa ya mawe. Wabelgiji waliyachimba enzi za ukoloni. Huku kwetu, choronga chini ya mji wa Kigoma hutayapata, na chini ya mji wa Tabora ndiyo usithubutu kabisa kuyatafuta. Makaa yaliyo upande wa Tanzania utayakuta Namwele karibu na Sumbawanga, kisha Kiwira, kisha bonde la Ruhuhu huko Njombe na Ruvuma.

Wapo wanaosema Mungu amewapa wa ng'ambo akatunyima sisi. Jibu liko kwenye umri wa mwamba. Yale mawe ya mchanga yaliyo magumu kama chuma, yanayoonekana kwenye kingo za ziwa hapa Kigoma, yalikuwa mchanga na tope miaka mingi mno kabla ya mti wa kwanza kuota duniani. Misitu ya kwanza ilitokea yapata miaka milioni 390 iliyopita, na wakati huo mchanga wetu ulikwisha kuwa jiwe zamani. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea. Mwamba ulioitangulia mimea hauwezi kuwa nayo ndani yake. Tabora ni zaidi ya hapo: matale yake ni sehemu ya kitako cha kale cha bara letu, yana zaidi ya miaka milioni 2,500, na yalitokana na uji wa mawe ulioganda chini sana ardhini. Hakuna kinamasi kilichowahi kuzikwa ndani ya uji huo.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko maelezo ya darasani. Kijana aliyejifunza uchimbaji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ya Nzega amejifunza ndani ya mwamba mgumu, ambao dhahabu yake imekaa kwenye mishipa iliyosimama kama ukuta. Akipata kazi kwenye mgodi wa makaa huko kusini, anaingia kwenye mwamba wa tabia nyingine kabisa: laini, wa matabaka, wenye maji na hewa ya hatari. Mazoea ya Nzega yanaweza kumuua. Kwa hiyo naomba tuyatazame matabaka hayo taratibu, tukianzia yalikozaliwa.

Kinamasi kilichozikwa

Tuna mahali pazuri pa kuanzia, na pako kwetu. Kati ya Kigoma na Tabora liko eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi, ambalo mwaka 2000 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya kimataifa ya maeneo oevu, likiwa la kwanza Tanzania, lenye zaidi ya hekta milioni tatu. Kwenye mafunjo yale, jani linapokufa linaangukia maji yaliyotulia, yasiyo na hewa ya kutosha. Haliozi lote. Linarundikana juu ya lililolitangulia, na polepole inajengeka mboji nyeusi. Katika hali nzuri mboji hukua kwa kiasi cha milimita moja tu kwa mwaka, na huhitajika mita kadhaa za mboji kupata mita moja ya makaa baada ya kukandamizwa. Kwa hiyo tabaka la makaa la mita tatu ni maelfu mengi ya miaka ya kinamasi ambacho hakikukauka wala hakikufurika kupita kiasi.

Makaa ya Namwele, Kiwira, Ruhuhu na yale ya Lukuga yote ni ya kipindi ambacho wanajiolojia wanakiita Karuu, kilichoanza yapata miaka milioni 300 iliyopita. Afrika wakati huo ilikuwa imeungana na Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika, na sehemu kubwa ya bara hilo moja ilikuwa imefunikwa na barafu. Ndiyo maana chini kabisa ya matabaka ya Karuu mara nyingi unakuta mchanganyiko wa tope, kokoto na mawe makubwa yasiyopangwa kwa ukubwa: takataka zilizoachwa na barafu ilipoyeyuka. Juu yake yakaja maziwa, mito na vinamasi vya hali ya hewa ya baridi, vilivyojaa mmea uitwao glosopterisi, wenye majani marefu mfano wa ulimi.

Huko Ruhuhu, mwaka 1932, mwanajiolojia G. M. Stockley aliyapanga matabaka hayo kwa namba, K1 mpaka K8, kutoka chini kwenda juu, na mpango huo ungali unatumika. K1, ya Idusi, ndiyo ya barafu. K2, ya Mchuchuma, ndiyo yenye makaa makuu. K3, ya Mbuyura, ni mchanga mwingi. K4, ya Mhukuru, ina makaa tena. Juu zaidi makaa yanakwisha na mifupa inaanza: kwenye matabaka ya Manda, K8, ndiko ilikotoka mifupa ya Nyasasaurus, mnyama anayehesabiwa kuwa dinosaria wa mapema sana au ndugu wa karibu wa dinosaria. Mtu anayefanya kazi ndani ya K2 ana historia yote hiyo juu ya kichwa chake, na ina uzito wake kwa tani.

Kwa nini Karuu imebaki Lukuga na Ruhuhu, isionekane hapa mjini Kigoma? Kwa sababu matabaka haya yamesalimika hasa pale ambapo ardhi ilipasuka na kipande kikazama. Kilichozama kilikingwa. Kilichobaki juu kimelambwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka, na kama kulikuwa na makaa hapo, yalikwisha kwenda na maji.

Dari na sakafu

Wachimbaji wa makaa husema habari za dari na sakafu. Dari ni jiwe lililo juu ya makaa, sakafu ni lililo chini. Jambo ambalo mtu akilielewa anaelewa mgodi mzima ni hili: sakafu ni udongo uliokilisha kinamasi, na dari ni kitu kilichokiua.

Tuanze na sakafu, maana ni fupi. Mara nyingi ni mwamba wa tope la mfinyanzi, wenye alama za mizizi ya miti ile ya kale. Ukikauka unaweza kuudhani ni jiwe la maana. Ukilowa, unanywa maji na kuvimba. Uzito unaobebwa na nguzo za pembeni unaikandamiza sakafu hiyo na kuisukuma ipande katikati ya njia, mpaka reli zinapinda na mikanda ya kusafirishia makaa inakwama. Maji yaliyoachwa yatuame kwenye njia ya mgodi si uchafu tu, yanaila sakafu.

Dari ina habari ndefu zaidi, kwa sababu vinamasi havikufa kwa namna moja. Kama ziwa lilipanda taratibu na kukizamisha kinamasi, juu ya makaa kutakuwa na tope laini lililolala kwa matabaka membamba. Hilo ndilo dari la kawaida, na ndilo linalosumbua. Lile tope lililogeuka jiwe linaachana kwa kurasa. Hewa yenye unyevu inayopulizwa mgodini inalifikia, nalo linavuta unyevu, linavimba, linapasuka, na kipande kilichokaa salama mwezi mzima kinaanguka. Ndiyo maana kwenye migodi mingi ya aina hii dari huanguka zaidi majira ya unyevunyevu, hata kama hakuna tone la maji linaloonekana.

Kama badala ya ziwa ulikuja mto, ukakata njia yake katikati ya kinamasi, hapo makaa yatakuwa yamechongwa na nafasi yake kuchukuliwa na jiwe la mchanga. Wachimbaji wanaofuata makaa ya mita mbili wanaona yanapungua, mita moja, nusu mita, kisha wanagonga ukuta wa mchanga. Dari la mchanga lina nguvu, ndiyo, lakini kando ya mto huo wa kale ndiko penye hatari kubwa, maana hapo mchanga mzito ulilalia tope bichi ukalisokota na kuliteleza. Zinabaki nyuso laini zinazong'aa, kama kioo kilichopakwa mafuta. Jiwe lenye nyuso kama hizo halijashikana na jirani yake hata kidogo.

Na kuna hatari moja inayostahili kutazamwa kwa karibu. Wakati kinamasi kilipofunikwa na tope, baadhi ya miti ilikuwa ingali imesimama. Tope likaizunguka. Shina likaoza ndani, likajaa mchanga, likawa jiwe, na gome lake likawa utando mwembamba wa makaa. Mamilioni ya miaka baadaye mchimbaji anapoondoa makaa, juu yake darini linabaki duara, pengine pana kama sufuria la shughuli, limezungushiwa uzi mweusi. Uzi ule mweusi ndio pekee uliolishika lile shina, nao hauna nguvu. Shina ni pana chini na jembamba juu, kwa hiyo hakuna kinacholizuia kushuka. Linaanguka zima, bila mlio, bila vumbi la kutangulia. Wachimbaji wa Marekani, katika milima ya Appalachia, wamewapoteza wengi kwa mashina hayo. Kijana akiambiwa jambo moja tu siku yake ya kwanza, natamani awe ameambiwa hili: ukiona duara lenye mstari mweusi darini, usipite chini yake mpaka litiwe bolti.

Namna ya zamani ya kulipima dari ni kuligonga kwa mtaimbo huku mkono mwingine ukiwa umeligusa. Dari zima linatoa sauti kali, ya juu. Dari lililoachana na lenzake la juu linatoa sauti nzito, tupu, na vidole vinahisi mtetemo. Njia hii bado inafaa, ila ina mpaka: tabaka lililoachana mita mbili juu halisikiki kwa mtaimbo. Hapo ndipo zinapohitajika bolti za chuma, zinazochimbiwa wima darini na kukazwa, ili kurasa nyingi nyembamba zibanwe na kuwa ubao mmoja mnene. Bolti ikiishia ndani ya tope lile lile linaloachana, haijashika kitu. Lazima ifike kwenye jiwe zima lililo juu, na ili kujua jiwe hilo liko umbali gani ni lazima mtu awe amechoronga na kutazama. Matimba, yaani nguzo za miti, nayo yana faida moja ambayo chuma hakina: mti unalia kabla ya kuvunjika, na kilio hicho kimewatoa wengi salama.

Uzito una hesabu yake

Mwamba wa mashapo, yaani wa mchanga na tope lililogeuka jiwe, una uzito wa karibu tani mbili na nusu kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo mita 200 chini, kila mita moja ya eneo inabeba tani 500. Kabla ya mgodi, makaa yalikuwa yakiubeba mzigo huo yote kwa pamoja. Ukikata njia, mzigo hauondoki, unahamia kwa waliobaki.

Chukua mgodi wa vyumba na nguzo, ambapo makaa mengine huachwa yakiwa nguzo za kushika dari. Tuseme nguzo ni mita 20 kwa 20, na njia kati yao ni mita 6. Kila nguzo inabeba eneo la mita 26 kwa 26, yaani mita za mraba 676, wakati yenyewe ina mita za mraba 400 tu. Mzigo juu yake unapanda kutoka tani 500 hadi 845 kwa mita ya mraba. Nguzo moja imebeba tani 338,000. Sasa aje meneja mwenye tamaa, aseme nguzo hizi ni pesa zilizolala, zipunguzeni ziwe mita 14. Nguzo inabaki na mita za mraba 196, na mzigo unaruka kupita tani 1,700 kwa mita ya mraba. Eneo la nguzo limepungua kwa nusu, mzigo umeongezeka maradufu.

Je, makaa yanahimili? Jibu la swali hili lilinunuliwa kwa damu, kwenye miamba ya Karuu ile ile. Tarehe 21 Januari 1960, mgodi wa Coalbrook nchini Afrika Kusini uliporomoka na watu 435 wakafa. Miili yao haijatolewa mpaka leo. Nguzo zilikuwa zimeachwa nyembamba, kisha makaa ya juu yakakatwa na vyumba vikawa virefu zaidi. Majuma machache kabla, mwishoni mwa Desemba 1959, sehemu ya mgodi huo ilikuwa imekwisha kuporomoka, na kazi ikaendelea. Nguzo moja ilipovunjika, mzigo wake uliwaangukia majirani waliokuwa wamelemewa tayari, nao wakavunjika, na hivyo hivyo.

Baada ya msiba huo wahandisi Salamon na Munro walikusanya habari za sehemu 125 za migodi ya Afrika Kusini, 98 zilizosimama na 27 zilizoporomoka, na mwaka 1967 wakatoa kanuni ya kukadiria nguvu ya nguzo ya makaa. Kwa kanuni yao, nguzo yetu ya mita 20 yenye kimo cha mita 3 inahimili takriban tani 1,400 kwa mita ya mraba, nayo imebeba 845, kwa hiyo ina akiba. Ile ya mita 14 inahimili kama tani 1,200, nayo imebebeshwa zaidi ya 1,700. Hiyo imekufa tayari, inasubiri siku tu. Kanuni hiyo inaonyesha pia kwamba ukiongeza kimo cha nguzo mara mbili bila kugusa upana wake, unapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake. Kukata makaa kidogo ya juu darini kunaonekana si kitu, lakini ndiko kulikoiponza Coalbrook.

Mipasuko, hewa na maji

Matabaka ya Karuu yaliyobaki yalibaki kwa sababu ardhi ilipasuka, kwa hiyo migodi ya makaa ya upande wetu wa Afrika inaishi na mipasuko. Unafuata makaa, ghafla mbele yako ni jiwe tupu: kipande cha ng'ambo ya mpasuko kimeshuka au kimepanda mita kadhaa. Kuyapata tena ni kazi ya mwanajiolojia, anayetazama tabaka zimepindia upande gani pembeni ya mpasuko. Kinachoudhi zaidi ni kwamba jiwe lililo karibu na mpasuko limesagika, halishiki bolti, na mpasuko wenyewe ni mfereji wa maji na gesi. Mahali pengine uji wa mawe ulipenya kwenye mipasuko hiyo na kuganda kuwa doleriti nyeusi, ngumu ajabu. Makaa yaliyoguswa na moto wake yamekwisha kuungua tangu enzi hizo.

Gesi yenyewe ni methani. Inazaliwa wakati mboji inapogeuka makaa, na inakaa imejishikiza ndani ya makaa kwa sababu ya kukandamizwa. Dari la tope laini, lile lile linaloachana kwa kurasa, ni kifuniko kizuri sana cha gesi likiwa bado zima. Ukikata makaa umeondoa mkandamizo, gesi inaachia. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa, hukusanyika juu darini, kwenye mashimo yaliyoachwa na mawe yaliyoanguka. Mlipuko wa gesi unarusha vumbi la makaa, na vumbi likishika moto mlipuko unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Huko Wankie, siku hizi Hwange, Zimbabwe, tarehe 6 Juni 1972 watu zaidi ya 420 walikufa kwa mlipuko katika mgodi namba 2. Nayo ni makaa ya Karuu. Mtu aliyezoea kuwasha sigara ndani ya duara la dhahabu asiruhusiwe hata kuukaribia mlango wa mgodi wa makaa na kiberiti mfukoni.

Maji hutoka hasa kwenye mawe ya mchanga, ambayo yana vijitundu vingi vinavyoyahifadhi. Mchanga ukiwa juu ya dari la tope, tope hilo ndilo linalokukinga na mafuriko, mpaka siku linapopasuka. Hata mgodi ukifungwa habari haiishi. Ndani ya makaa na tope mna pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, yaliyokaa kimya bila hewa. Mgodi unayaletea hewa na maji, yanageuka tindikali, na maji yanayotiririka kutoka mgodi uliotelekezwa huwa na rangi ya kutu na huua samaki. Kwa watu wanaoishi kwa dagaa na migebuka, hilo halihitaji maelezo zaidi.

Haya yote yanaweza kujulikana kabla ya mtu kuingia ardhini. Mashine ya kuchoronga inatoa mche wa mwamba, mita kwa mita, unaopangwa kwenye masanduku kwa mfuatano wake. Kosa linalofanyika ni kupima unene na ubora wa makaa, kisha masanduku ya dari na sakafu yakatupwa kwa kuwa hayauziki. Mita kumi za juu ya makaa na mita chache za chini yake zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko makaa yenyewe: zimevunjika mara ngapi kwa kila mita, zina nyuso zinazong'aa au hazina, kipande kikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji kinabaki jiwe au kinageuka tope. Jaribio hilo la ndoo halihitaji maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma inahifadhi ramani za miamba ya nchi nzima, na mwanakijiji au diwani anayeletewa mradi ana haki ya kuuliza, kabla ya kuuliza ajira ngapi, dari la mgodi huo ni jiwe gani.